Rock ya Australia ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu: albamu za kununua na za kuacha

Ubishi wa nani mtunzi bora wa rock kutoka Australia huharibika mapema kwa sababu watu hutetea bendi badala ya kutetea nyimbo. Mmoja atataja nakala zilizouzwa, mwingine atataja koti la mwimbaji, na utunzi wenyewe hakuna aliyeugusa. Tathmini hii imeandikwa na watu wawili wa Lamu. Imezipima albamu kwa mambo matatu: wimbo umejengwaje, umerekodiwaje, na unasikikaje katika vyumba vyetu vya mawe, ambavyo vina tabia zao. Tumekubaliana karibu kila mahali, na tulipotofautiana tumesema.

Msimamo wetu tuutoe mapema. Walioshika nafasi ya mbele ni wawili: Malcolm Young wa bendi ya AC/DC na Paul Kelly. Kwa sauti hawana undugu wowote. Mmoja alipiga gitaa la mdundo huku amesimama nyuma karibu na ngoma, mwingine husimama mbele na kusimulia. Lakini kwa wote wawili ufundi ni kujua cha kuacha. Nyimbo zao zina nafasi tupu zilizowekwa makusudi, na chumba cha Lamu hufichua upesi nani anazo na nani hana.

Basi chumba kwanza, maana bila hicho nusu ya ubishi ni kulaumu bendi kwa kosa la ukuta. Chumba cha nyumba ya kale ni kirefu na chembamba. Upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo mara nyingi ni kati ya meta 2.5 na 3. Kuta ni za matumbawe, nene, zimepakwa chokaa, na chokaa ikishakuwa ngumu hurudisha sauti karibu yote. Chumba kikiwa na upana wa meta 2.6, katika joto letu, sauti ya takriban hertz 67, yaani mitetemo 67 kwa sekunde, ina nusu ya wimbi inayolingana sawasawa na nafasi iliyo kati ya ukuta na ukuta. Inagonga huku, inarudi kule, inajirundika. Kwa mpiga besi hiyo ni noti iliyo kati ya C na C#, kipande cha tatu na cha nne cha uzi wa A. Itavuma hata ikiguswa kwa upole, na jirani ataisikia kabla hajasikia neno moja la mwimbaji.

Dawa yake haina gharama. Weka spika mbili kwenye ukuta mfupi, zitazame urefu wa chumba, na kila moja iwe umbali sawa kutoka ukuta wa upande wake. Zikipiga besi ile ile kwa pamoja, mvumo wa upana huvunjika kwa sehemu kubwa, na msikilizaji akikaa katikati ya upana anakuwa mahali ambapo mvumo huo ni mdogo kabisa. Ziache nusu meta mbele ya ukuta wa nyuma. Punguza besi kwenye amplifaya desibeli 3 au 4. Kosa linalorudiwa nyumba hadi nyumba ni spika moja kubwa iliyosukumwa kwenye kona ili isizuie njia. Hapo ndipo mvumo unapopata nguvu zake zote. Kosa la pili halionekani kwa macho: waya wa spika moja umefungwa kinyume, mwekundu ukaingia palipo peusi. Spika zinasukumana, besi ya katikati inapotea na mvumo wa ukutani unazidi. Ukisikia mwimbaji hana mahali pake, yuko kila upande na hayuko popote, kagua waya kabla ya kumlaumu mtu wa studio.

Zidaka ni msaada wa bure. Zile shubaka za plasta hutawanya sauti za juu zisirudi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo sahani za ngoma hazichomi masikio. Usizifunike kwa kioo. Chini tandika mkeka, na juu yake zulia ukiwa nalo.

Sasa Back in Black. AC/DC waliirekodi mwaka 1980 katika studio ya Compass Point, Nassau, Bahamas, mtayarishaji akiwa Mutt Lange. Mwimbaji wao Bon Scott alikuwa amefariki London tarehe 19 Februari mwaka huo huo. Brian Johnson akashika nafasi yake, na tarehe 25 Julai albamu ikatoka. Wanaoiita kelele hawajausikiliza wimbo uliobeba jina la albamu. Korda zake za mwanzo, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni tatu: E, D, A. Kila korda inapigwa kisha inakatwa, na baada ya kukatwa hakuna kinachoijaza nafasi isipokuwa ngoma ya Phil Rudd, ambaye ni mmoja wa wapiga ngoma wachache wasiojionyesha. Kimya hicho ndicho wimbo. Ukikiondoa, unabaki na korda tatu ambazo mtoto wa shule huzijua wiki ya kwanza. Katika chumba cha meta 2.6 noti hizo tatu za besi zinapita pembeni mwa mvumo tulioueleza, A kwa hertz 55, D kwa 73, na E chini kabisa kwa 41. Ni bahati tu, lakini matokeo yake ni kwamba hakuna albamu ya rock nzito inayosikika safi zaidi katika nyumba ya Lamu.

Vijana wa bendi za hoteli wanaojaribu kuipiga, Malindi na kwetu, hukosea mahali pamoja. Hufungua ukali wa amplifaya, ile gain inayokwaruza sauti, hadi mwisho wakidhani ndiyo siri. Malcolm alifanya kinyume. Alitumia Gretsch Jet Firebird iliyobakishiwa pikapu moja tu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, ile ya karibu na daraja, nyuzi nzito, na amplifaya ya Marshall yenye sauti kubwa lakini ukali mdogo. Korda zikiwa wazi hivyo, kila uzi unasikika. Ukiongeza ukali, E na A zinageuka uji mmoja na kimya kati yao kinajaa mngurumo. Punguza ukali hadi korda ianze kusikika kama gitaa tena, kisha piga kwa nguvu za mkono. Kukata kufanywe na viganja vyote viwili: wa kulia unatua juu ya nyuzi, wa kushoto unalegeza vidole bila kuviondoa.

Kasoro yake ni maneno. Mashairi ya Back in Black ni ya utani wa chumbani, na nyimbo kadhaa hazifai kupigwa sebuleni watoto wakiwapo au wazee wakiwa wamekaa. Kwa maneno, Bon Scott alikuwa fundi zaidi: mcheshi, mkali kwa nafsi yake, anayejua dhiki ya mfuko. Albamu ya kumsikia ni Powerage ya 1978, iliyotayarishwa na Harry Vanda na George Young. Haina wimbo mmoja uliotikisa dunia, na ndiyo maana wengi huiruka. Sisi tunaiweka karibu sawa na Back in Black, na kwa mtu anayejifunza kutunga tungesema aanze nayo.

Hao Vanda na Young wanastahili sentensi kadhaa. George alikuwa kaka mkubwa wa Malcolm na Angus, mpiga gitaa mwingine wa AC/DC. Familia yao ilitoka Glasgow mwaka 1963, Vanda alitoka Uholanzi, na wawili hao walikutana katika hosteli ya wahamiaji ya Villawood, Sydney. Wakiwa na bendi ya The Easybeats walitunga Friday on My Mind mwaka 1966. Mwaka 2001 chama cha haki za watunzi cha Australia, APRA, kiliuchagua kuwa wimbo bora wa Kiaustralia wa miaka 75. Wawili hao hao ndio waliotunga Love Is in the Air, ambao umelia katika harusi nyingi za pwani hii bila mtu kuuliza unatoka wapi. Kwa hiyo anayesema rock ya Australia haijawahi kumfikia, ilimfikia akiwa anakula biriani.

Tahadhari ya kununua AC/DC: albamu zao za mwanzo zina matoleo mawili yenye jina moja. High Voltage ya Australia ya 1975 si High Voltage ya kimataifa ya 1976. Ile ya kimataifa imekusanya zaidi nyimbo za T.N.T., albamu ya pili ya kwao, ukiwamo wimbo wa zumari ya mfuko ambayo Bon Scott mwenyewe aliipuliza. Anayetaka wimbo huo akaagiza toleo la Australia la High Voltage atajikuta hana. Soma orodha ya nyimbo, usisome jina.

Paul Kelly alizaliwa Adelaide mwaka 1955, na nje ya Australia hajulikani kama anavyostahili. Njia ya kuingia ni Songs from the South, mkusanyiko wa 1997. Kwa kawaida hatupendekezi mikusanyiko, lakini Kelly ni mtunzi wa wimbo mmojammoja kuliko wa albamu nzima, na mkusanyiko unampa haki yake.

Chukua How to Make Gravy wa 1996. Ni barua. Mfungwa anamwandikia ndugu yake Dan tarehe 21 Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, akiuliza nani atakuja, nani atapika rojo la nyama sasa kwa kuwa yeye hayupo. Anatoa na mapishi: unga, chumvi, divai nyekundu kidogo, na tomato ya chupa ya kuongeza utamu na ukali. Mpishi wa Lamu atakuwa na lake la kusema kuhusu rojo hilo, na divai haimo jikoni mwetu, lakini angalia kazi inayofanywa na mapishi. Mtu huyu hawezi kusema amevunjika, kwa hiyo anasema vipimo. Halafu, katikati ya mambo ya watoto na wakwe, wivu unaingia: anaogopa Dan atacheza karibu mno na mkewe. Anakasirika, anaomba radhi, anarudi kwenye rojo. Wimbo hauna kiitikio hata kimoja. Msikilizaji aliyelelewa na redio za Ulaya huuliza kiko wapi. Aliyekulia na tendi hatauliza, maana amezoea hadithi ndefu inayotembea beti kwa beti bila kurudi nyuma.

To Her Door wa 1987 ni ufundi huo kwa dakika chache zaidi ya tatu: ndoa ya mapema, ulevi, mke anaondoka, mume anajirekebisha, anapanda basi kwenda kubisha hodi. Kelly anaukatisha wimbo mlangoni. Mlango ukifunguliwa itakuwaje, hatuambiwi. Mtunzi dhaifu angetuongezea ubeti wa tano.

Wimbo wake mzito zaidi aliutunga na Kev Carmody, mwimbaji wa asili ya wenyeji wa Australia: From Little Things Big Things Grow, wa 1991. Unasimulia mgomo wa Wagurindji, kabila la wenyeji hao, katika ranchi ya Wave Hill, ulioanza Agosti 1966. Wachunga ng'ombe wakiongozwa na Vincent Lingiari waliacha kazi, wakakaa chini, na madai ya mshahara yakageuka madai ya ardhi ya mababu dhidi ya kampuni ya Lord Vestey. Mwaka 1975 waziri mkuu Gough Whitlam alimmiminia Lingiari mchanga mkononi kama ishara ya kurudishiwa ardhi. Wimbo hauna hotuba. Unapanga matukio, unarudia mstari mmoja mwishoni mwa kila kipande, na unamwachia msikilizaji hasira yake. Mtu wa Lamu anayejua uzito wa hati ya shamba hatahitaji kuelezewa.

Kuna tatizo la majina hapa pia. Albamu ya Gossip ya 1986 ilitoka Australia ikiwa santuri mbili zenye nyimbo 24, na bendi ikiitwa Paul Kelly and the Coloured Girls. Kwa soko la nje jina hilo lilibadilishwa kuwa the Messengers ili lisisomeke kama la kibaguzi, na toleo la Marekani likapunguzwa nyimbo. Ukitafuta kwa jina moja utakosa nusu ya kilichopo. Tafuta kwa yote mawili na uhesabu nyimbo kabla ya kulipa.

Kwa nini Kelly hasikiki vibaya katika chumba cha mawe? Kwa sababu gitaa lake na sauti yake viko juu ya eneo la mvumo, na bendi yake haimpigii kelele. Hata spika ndogo ya Bluetooth ya barazani, ambayo chini ya hertz 80 haina kitu, inampa karibu yote.

Bendi ya Midnight Oil ni habari nyingine. Mwaka 1986 walizunguka vijiji vya jangwani pamoja na Warumpi Band, na kutokana na safari hiyo ikaja Diesel and Dust ya 1987. Wimbo wake Beds Are Burning unadai ardhi irudishwe kwa watu wa Pintupi, wenyeji wa jangwa hilo, na unataja vijiji vya Kintore na Yuendumu kwa majina, jambo ambalo kampuni ya muziki ingeweza kuogopa. Peter Garrett, mwimbaji, baadaye akawa waziri wa mazingira. Lakini watunzi wa kuwatazama ni mpiga ngoma Rob Hirst na Jim Moginie wa gitaa na kinanda. Wimbo umejengwa juu ya besi inayotembea na pigo la tarumbeta linalokuja mara chache. Sehemu nyingine za albamu zimejaa mno: magitaa, kinanda, waitikiaji, vyote pamoja. Ndani ya chumba vinasongamana. Ipeleke kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani usio na dari, nayo inapumua.

Warumpi Band wenyewe tunawapa nafasi ya juu kuliko wengi watakavyokubali. Walitoka Papunya, na mwaka 1983 walitoa Jailanguru Pakarnu kwa Kiluritja, unaotambuliwa kuwa wimbo wa kwanza wa rock kwa lugha ya wenyeji wa Australia. My Island Home, ulio katika Go Bush! ya 1987, ulitungwa na Neil Murray kwa ajili ya mwimbaji wao George Burarrwanga, mtu wa kisiwa cha Elcho aliyekuwa akiishi jangwani. Wengi wanaujua kwa sauti ya Christine Anu, wa 1995. Ni mzuri, umesuguliwa ukang'aa. Nunua ule wa kwanza. George anauimba kama mtu mwenye haraka ya kuondoka, na anayeishi kisiwani atasikia tofauti bila kufundishwa.

Tulipogawanyika ni kwa Nick Cave. Mmoja wetu anamweka juu ya Kelly, na hoja yake ni The Boatman's Call ya 1997. Into My Arms una piano na besi tu, basi, na bado unajaza chumba. Unaanza kwa kutilia shaka kisha unaomba dua hata hivyo, na ni wimbo wa mapenzi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna wimbo wa Kelly, anasema, wenye uzito huo kwa vifaa vichache hivyo. Mwingine wetu anajibu kwamba Cave hutunga kwa ajili ya koo lake mwenyewe, na nyimbo zake zikiazimwa hupungua, ilhali za Kelly huimbwa na yeyote mwenye gitaa. Jibu la jibu: Johnny Cash aliuimba The Mercy Seat wa Cave mwaka 2000 na haukupungua kitu. Hapo hoja ya kuazima inachechemea, tunakiri sote, lakini kura haijabadilika. Kwa mnunuzi jambo la kujua ni kwamba sauti ya Cave ni nzito na ya chini. Usipopunguza besi, maneno yanazama.

Kati ya bendi za The Triffids na The Go-Betweens hatukugombana sana. The Go-Betweens, wa Brisbane, walikuwa na watunzi wawili, Robert Forster na Grant McLennan, waliogawana nyimbo karibu nusu kwa nusu, na mji wao umewapa heshima ya daraja, Go Between Bridge, lililofunguliwa mwaka 2010. Cattle and Cane wa 1983, ambao McLennan aliutunga akiwa London kwa gitaa la kuazima la Nick Cave, unakumbuka utoto wa Queensland, mashamba ya miwa na ng'ombe. Mzunguko wake una mapigo 11, yaani 5, kisha 2, kisha 4. Anayejaribu kuupiga kwa mapigo 4 ya kawaida ataanguka kabla ya ubeti wa pili kufika. Hesabu kwa sauti, usikanyage mguu. Ubaya wa 16 Lovers Lane, albamu yao inayosifiwa zaidi, ya 1988, ni kwamba imerekodiwa kwa wembamba na mng'ao wa juu. Katika chokaa tupu inachoma. Pandisha zulia ukutani au ipige kwa sauti ya chini.

Born Sandy Devotional ya The Triffids, ya 1986, ni kinyume chake. Bendi ya Perth, ilirekodiwa London, na picha ya jalada ni mji wa Mandurah ukionekana kutoka angani, mchanga na maji na nyumba chache. David McComb, aliyefariki 1999 akiwa na miaka 36, alitunga nyimbo za umbali: mtu ameachwa na barabara haiishi. Wide Open Road una korda chache zinazovutwa, na gitaa la chuma la Graham Lee, lile la kulazwa na kuteleziwa, linakaa mbali kana kwamba liko chumba cha pili. Studio iliongeza mwangwi mwingi, chumba chako kitaongeza wake, na mwangwi juu ya mwangwi ni ukungu. Usiipige ndani. Paa la makuti la ghorofa ya juu, lililo wazi pande zote, ndilo mahali pake, baada ya Isha, kwa sauti ya wastani. Toleo la 2006 lina nyimbo za ziada. Wimbo wa kumi ukiisha, simama hapo, za ziada ni za siku nyingine.

Waliobaki kwa haraka. Kick ya INXS, ya 1987, ina Need You Tonight, wimbo mwembamba uliotungwa kwa akili, na Never Tear Us Apart. Mengine ni mng'ao wa miaka ile, na ngoma zake zinapiga kama milango. Nunua nyimbo hizo mbili tu. Crowded House: kuna wasemao si Waaustralia kwa kuwa Neil Finn ni wa New Zealand. Bendi iliundwa Melbourne mwaka 1985, na tukianza kufukuza watu kwa mahali walipozaliwa, AC/DC na The Easybeats nao wataondoka. Don't Dream It's Over unafundisha kubadilisha korda bila kumshtua msikilizaji kuliko darasa lolote. Cold Chisel wana mtunzi mkubwa, Don Walker, na mwimbaji, Jimmy Barnes, anayefokea maneno hadi yasisikike. Chagua Flame Trees wa 1984, ambamo Barnes amejizuia. Men at Work na Down Under yao: mahakama iliamua mwaka 2010 kwamba kipande cha filimbi kimechukuliwa kutoka Kookaburra, wimbo wa watoto wa 1932, na ikaamuru asilimia 5 ya mirabaha ilipwe. Mtunzi yeyote wa hapa anayechopeka kipande cha wimbo wa zamani "kwa utani tu" na aisome hukumu hiyo. Courtney Barnett wa Melbourne, kwa albamu yake ya 2015, ndiye mrithi wa kweli wa Kelly. Depreston ni wimbo wa kutafuta nyumba ya kununua, na unageuka msiba kwa kutazama tu vitu vya marehemu vilivyoachwa bafuni na ukutani.

Kuhusu muundo wa kununua. Faili la ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 42 ni karibu megabaiti 100. Pakua mara moja kuliko kuisikiliza mtandaoni kila usiku. CD zinastahimili hewa ya bahari. Kinachokufa ni mashine, lenzi ikishika vumbi la chumvi. Santuri zinahitaji nidhamu. Zisimamishwe wima, zisilazwe, na mifuko ya karatasi ya ndani ibadilishwe kwa ya plastiki laini, maana karatasi hunyonya unyevu na kuota ukungu. Mzigo ukitoka Nairobi, hatari kubwa ni mwisho wa safari: sanduku likiachwa juani gatini Mokowe au juu ya injini ya boti, santuri zinapinda na hazinyooki tena. Sindano iwekwe uzito wa gramu 1.8 hadi 2 kwa vichwa vingi vya kawaida, upimwe kwa mizani na si kwa jicho.

Na mashine iliyotoka Marekani ichunguzwe kabla ya kulipiwa. Nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Kule ni hertz 60 na volti 120, kwetu ni 50 na 240. Transfoma itashusha volti tu, mapigo haiyagusi, na mashine itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Muziki unashuka nusu-toni tatu na zaidi kidogo. E ya Malcolm Young inakuja karibu na C#, yaani ndani kabisa ya mvumo wa chumba chako, na Brian Johnson anaimba kama amechoka. Mota za umeme wa moja kwa moja, zile za adapta, hazina shida hiyo.

Mwenye sikio la udi tumemwekea bendi ya King Gizzard & the Lizard Wizard, wa Melbourne, waliotoa albamu tano mwaka 2017. Flying Microtonal Banana imepigwa kwa magitaa yaliyoongezewa vipande ili oktava igawike mara 24, kwa hiyo robo-toni zinapatikana, na kuna zumari ya Kituruki ndani yake. Anayejua taarabu ya kale atasikia noti ambazo rock nyingine haina. Utunzi wa maneno ni hafifu, na besi inarudia noti moja muda mrefu, basi jaribu kwanza kama noti hiyo haiangukii upana wa chumba chako. Nyingine ya mwaka huo, Polygondwanaland, bendi yenyewe iliitoa bure, faili za asili zikiwamo, na ikaruhusu yeyote aichape. Inaweza kupakuliwa, kuwekwa kwenye flashi na kupewa jirani bila kumdhulumu mtu.